Chumba Kimoja cha Kulala: Ni cha Nani?



Tuchukue mfano wa familia moja ya Gilgil. Mume anafanya kazi Nakuru, mke anauza mboga sokoni, nao wana watoto watatu. Alfajiri, baridi ya Bonde la Ufa ikiwa bado kali, mume hupanda matatu na kusafiri kama kilomita 40. Usiku hurudi watoto wamelala. Kwa miaka sita ameweka akiba katika chama cha ushirika wa nyumba bila kumwambia mkewe. Sasa zamu yake imefika: nyumba ya chumba kimoja cha kulala, katika mtaa mtulivu wa Nakuru. Anafika kwake kwa furaha na kuweka stakabadhi mezani. Mke anasoma, ananyamaza, kisha anauliza: "Baba Njeri, hapa watoto watalala wapi?"

Mume alikuwa amehesabu nauli, lakini hakuhesabu vitanda. Tangu usiku ule mke haulizi tena habari za nyumba. Anajiuliza kama mume wake anahama.

Ndugu zangu, chumba kimoja si aibu. Wengi wenu mlianza maisha hivyo, pazia likitenga kitanda na jiko, na mlipendana. Ushirika nao ni jambo jema. Hapa Kenya, muungano wa kitaifa wa vyama vya ushirika wa nyumba, NACHU, ulianzishwa mwaka 1979, na wengi wasioweza kujenga peke yao wamejenga kwa kuunganisha akiba. Kosa liko katika ile miaka sita ya siri.

Katika ushirika, kila mwanachama ana kura moja, hata hisa zake ziwe chache. Je, mume, chamani unaheshimu kura ya mtu usiyemjua, na nyumbani mkeo hana hata nusu ya kura? Mbele ya altare mlifanywa mwili mmoja. Mwili mmoja hauwezi kuwa na mifuko miwili isiyojuana.

Usiseme, "Pesa ni zangu." Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inatambua kwamba kupika, kulea watoto na kutunza nyumba ni mchango pia. Tena nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi. Ikiwa sheria ya nchi inaona hivyo, sisi tuliopokea Sakramenti tutasemaje?

Nawe mke, usikimbilie kwa mama yako kabla ya kuzungumza na mumeo. Na zile pesa za chama cha akina mama, je, yeye anazijua?

Fanyeni hivi. Jumamosi jioni, watoto wakilala, wekeni karatasi zote mezani, zake na zako. Hesabuni pamoja kodi ya Gilgil, nauli, karo na deni lililobaki. Kisha mtafute njia. Pengine mtaipangisha nyumba hiyo ilipe deni lake, nanyi mbaki Gilgil. Pengine mtahamia wote na kubanana kwa muda. Pengine mtamwachia zamu mwanachama mwingine na kungoja nyumba kubwa zaidi. Mkiamua kuichukua, hakikisheni jina la mwenzi limeandikwa chamani kama atakayepokea hisa. Mkishindwa kuelewana, waiteni wanandoa wazee wa jumuiya yenu ndogo.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alikiri kwamba ukosefu wa makao bora huzielemea familia. Kanisa linajua mzigo wenu. Lakini Mzaburi anatukumbusha kwamba Bwana asipoijenga nyumba, wajenzi hutaabika bure. Wahenga nao walisema nyumba njema si mlango. Mungu hujenga pale mume na mke wanapoambiana ukweli.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
1. Je, kuna akiba au deni ambalo mwenzangu halijui?
2. Uamuzi wetu mkubwa wa mwisho tuliufanya wawili, au mmoja alitangaziwa?
3. Nyumba tunayoitamani itatukutanisha, au itatutenganisha?

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee. Amina.