Tangi la Hosteli na Maji ya Udhu

  

Ndugu zangu katika imani, sisi tunaosoma fiqhi huanza na mlango wa tahara. Tunaweza kukesha tukijadili kulateni, na kama maji yamebadilika rangi, ladha au harufu. Ajabu ni kwamba mjadala huishia pale maji yanapoingia shimoni.

Hapa Kampala tumekaa vilimani, na kila kinachomwagwa hushuka mabondeni. Mtaro wa Nakivubo hupita mjini, huingia kwenye kinamasi, kisha kwenye ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Katika ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba, ndipo yanapovutwa maji yanayosafishwa na kuletwa mabombani mwetu. Ndiyo tunayotawadhia, tunayopikia chai na tunayooshea maiti wetu.

Kati ya choo na ziwa umesimama mtambo wa majitaka wa Bugolobi. Mtambo mpya umejengwa kupokea mita za ujazo 45,000 kwa siku, yaani lita milioni 45. Kwanza vyuma vya kuchuja hukamata makavera na matambara, mchanga ukatuama, kisha maji hutulizwa matangini ili tope lizame. Uchafu ulioyeyuka, usioonekana kwa macho, huliwa na bakteria, viumbe wadogo wa Allah wanaohitaji hewa ili wafanye kazi. Wasipoula ndani ya mtambo wataula ziwani, na huko watamaliza hewa ya samaki. Tope nalo hutoa gesi ya kuzalishia umeme. Subhanallah, hata kile tunachoona haya kukitaja kina manufaa.

Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilipitisha kwamba majitaka yakisafishwa hadi isibaki athari ya najisi katika rangi, ladha na harufu, huwa tohara, ila yasinywewe ikiwa yana madhara kwa afya. Mtambo wetu haukujengwa kwa daraja hiyo. Kazi yake ni kupunguza uchafu kiasi ambacho kinamasi na ziwa vinaweza kuubeba, na kinamasi chenyewe kimeliwa sana na mashamba ya mayugwa na majengo.

Lakini mtambo husafisha kinachoufikia tu. Wengi wetu hatuna bomba la majitaka. Tuna mashimo na matangi ya choo, na tope lake linatakiwa lipelekwe na gari la kunyonya hadi Bugolobi au Lubigi. Katika hosteli moja niliyokaa, mvua ikianza kupiga mabati mlinzi alikuwa akifungua tangi likamwagikia mtaroni. Gari linataka pesa; mvua haidai kitu. Chini ya mtaro ule kuna nyumba, na mafuriko yakija huingia hadi vitandani mwa watu.

Mtume (s.a.w.) alionya dhidi ya kujisaidia katika sehemu za maji, njiani na kivulini, akayaita mambo yanayoleta laana, hadithi hii imo katika Abu Dawud. Makatazo hayo ni kwa haja ya mtu mmoja. Tangi la wapangaji mia tutalipimaje? Mwenye hosteli ana dhima yake, hilo halina ubishi. Ila mpangaji anayejua, akanyamaza kwa kuogopa kuongezewa kodi, sioni vipi atajitoa kabisa.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Muhula ujao, kabla hujalipia chumba, muulize mwenye nyumba gari la kunyonya lilikuja lini mara ya mwisho. Akikwambia tangi lake halijawahi kujaa, zunguka nyuma ukautazame mtaro.

Wabillahi tawfiq.