Mgeni katika Ngoma ya Ukae

Maswali mengine ya maadili hudharauliwa kwa sababu hujitokeza yamevaa nguo za starehe. Mojawapo ni hili: mwanafunzi anayefunga kitabu chake Jumamosi jioni, akaenda kucheza dansi mpaka alfajiri katika ukumbi mchafu wa Ilala, anafanya jambo gani? Anapumzika, anaiba, anajifunza, au anazuru watu? Kila jibu lina wafuasi wake, na yamkini hakuna hata moja kati ya hayo manne linalotosha peke yake.

Kila kizazi cha wasomi kina ukumbi wake. Kwa wengi waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1980, jina mojawapo lililokuwa midomoni lilikuwa DDC Kariakoo, ukumbi wa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ambamo bendi ya Mlimani Park ilikuwa ikipiga muziki wake. Sifa za kumbi za namna ile zajulikana: sakafu ya saruji iliyolowa bia, meza zilizopinda miguu, choo ambacho mtu hukikaribia akiwa ameziba pua, na joto la miili mingi lisiloondolewa na pangaboi lolote. Wazee waliozijua kumbi hizo katika ujana wao hawausamehe uchafu huo. Wanausimulia kwa fahari. Mtu akiwaambia kwamba ukumbi fulani siku hizi una viyoyozi na viti vya sponji, hutikisa kichwa kama walioletewa habari za msiba.

Umbali kati ya Mlimani na Kariakoo ni zaidi ya kilomita 10, lakini hapo mwanzo umbali huo haukuwapo. Chuo kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa na kikundi kidogo cha wanafunzi wa sheria, nao walisomea katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo. Ukumbi wa Arnautoglu ulikuwa jirani, Mnazi Mmoja. Mwanafunzi aliyetaka dansi hakuhitaji gari. Mwaka 1964 chuo kikahamia kilimani, na tangu hapo kwenda Kariakoo kukawa ni kushuka. Bendi nayo ilishuka vivyo hivyo. Ilianza mwaka 1978 katika baa ya Mlimani Park, jirani na Chuo Kikuu, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC. Mtindo wake uliitwa Sikinde, ngoma ya ukae. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa pwani hii kabla ya mji kuwapo, na ukae katika lugha yao ni nyumbani. Basi mwanafunzi aliyetoka Bukoba, Songea au Pemba, akasoma kilimani kwa lugha ya Kiingereza, usiku wa Jumamosi alialikwa katika ngoma ya nyumbani. Swali linalobaki ni nyumbani kwa nani.

Wako wakali wanaosema kwamba mwanafunzi hana haki ya ngoma hata kidogo. Hoja yao ina uzito, na haifai kuchekwa. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo asiporudi ni msaliti. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere akawafukuza karibu 400 kati yao, kisha akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwenye kuikumbuka siku ile atauliza: chakula cha kijiji kilitolewa ili kiishie katika jasho la dansi?

Jibu la kwanza ni kwamba kijiji chenyewe hucheza. Mkulima ambaye kodi yake ilimsomesha kijana huyo hakungoja ghala lijae ndipo apige ngoma. Hucheza baada ya mavuno, hucheza arusini, hucheza jandoni na unyagoni, na katika mwaka wa njaa pia hucheza. Kumtaka msomi awe mkavu kuliko waliomtuma ni kumtenga nao kwa njia nyingine. Jibu la pili limo katika historia. Wakubwa walipojaribu kuzisafisha starehe za vijana kwa amri, hawakufika mbali, na palipotokea madhara yaliwapata wanyonge. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, vikundi vya vijana wa kiume viliwashambulia wanawake hadharani papo hapo Kariakoo, kabla hata ya siku iliyowekwa, Januari 1, 1969. Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku mjini. Suruali zilizobana zilirudi, na soul nayo ikasikika tena. Mwanamke aliyeraruliwa nguo mbele ya watu hakurudishiwa alichonyang'anywa.

Kwa hiyo ukali haujibu swali. Lakini wapo na wapenzi wa ukumbi, nao husema jambo lililo tamu zaidi, na kwa hiyo la kuchunguzwa zaidi. Husema kwamba ndani ya ukumbi hakuna msomi wala hamali. Mlango ni mmoja, bia ni ile ile, na jasho halina shahada.

Aliyeuona usiku mmoja wa namna hiyo hawezi kulikana neno hili lote. Saa nne za usiku watu wangali wametawanyika, kila kundi na meza yake: wachuuzi wa sokoni huku, makarani huku, madereva karibu na mlango, wanafunzi sita wakigawana chupa mbili. Bendi huanza polepole. Waimbaji husimulia kisa: mume aliyesahau ahadi, ndugu waliogombea urithi, mja aliyesingiziwa. Wakati huo wengi hawachezi. Wanasikiliza, kwa maana katika dansi la Tanzania maneno yalikuwa nusu ya nauli. Wengine hutikisa vichwa mahali pale pale ambapo mshairi wa zamani angetaka kichwa kitikiswe. Kisha tarumbeta huita, gitaa la solo hukaza, na wimbo huingia katika chemko. Hapo meza huachwa. Anayejua kucheza humfundisha asiyejua pasipo kumwuliza jina, na mara nyingi anayejua ni hamali na asiyejua ni mwanafunzi. Kwa nusu saa cheo kimepinduka, na aliye chini hana uchungu. Hilo ni jambo adimu katika mji wowote. Shule haikuliweza, na ofisi haijalijaribu.

Hata hivyo usawa huo una mipaka, na wapenzi wa ukumbi huipita kimya.

Mpaka wa kwanza ni wa mwanafunzi wa kike. Mwenzake wa kiume hupenda kusema kwamba ukumbini hakuna anayemwuliza mtu yeye ni nani. Yeye aliulizwa. Aliulizwa na kondakta wa basi, akaulizwa mlangoni, akaulizwa na kila meza aliyoipita: umekuja na nani? Kama hakuja na mtu, lilitafutwa jina la kumwita, na jina hilo halikuwa mwanafunzi. Uhuru wa kutojulikana, ambao kwa kijana wa kiume ulikuwa ndio utamu wenyewe wa usiku, kwake ulikuwa hatari. Wako waliokwenda pamoja na hayo, wakacheza, wakarudi salama, na furaha yao ilikuwa ya kweli. Lakini waliinunua kwa bei ambayo haikuandikwa penye tiketi. Insha nyingi za kumbukumbu zimeandikwa na wanaume, na labda ndiyo sababu bei hiyo haionekani ndani yake.

Mpaka wa pili ni wa wale ambao kwao usiku ule haukuwa starehe. Mhudumu aliyebeba kreti kupita katikati ya wachezaji alikuwa kazini. Mfagiaji aliyengoja watu waondoke alikuwa kazini. Na wanamuziki, ambao mwanafunzi aliwaona kama wafalme wa jukwaa, walikuwa waajiriwa wa shirika la umma. Vyombo walivyopiga vilikuwa mali ya mwajiri. Aliyehama bendi aliondoka na koo lake na vidole vyake, basi. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014 baada ya kuimba kwa karibu miaka 50, alipita NUTA Jazz, Mlimani Park na Safari Sound, na kila alipohamia alianza upya kwa vyombo vya watu. Mwanafunzi aliyelala mchana kutwa siku ya Jumapili hakujiuliza kama mpiga tumba naye alilala.

Tena kuna alfajiri. Basi la kwanza lilipanda Mlimani na wanafunzi, na hamali aliyewafundisha kucheza akaelekea sokoni, kwa maana malori ya nyanya na ndizi hayajui Jumapili. Miaka kumi baadaye mmoja wao ni mkurugenzi, na hamali, kama mgongo wake umedumu, angali hamali. Je, usawa wa nusu saa ni usawa, au ni mchezo wa kuigiza unaomfurahisha zaidi yule ambaye hana haja nao?

Hapa Waswahili wana methali inayofaa kuliko falsafa nyingi zilizotoka mbali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza maana ya Ujamaa, akitaka kuonyesha kwamba ukarimu wa wazee wetu haukuwa malisho ya wavivu. Methali hiyo huchukuliwa mara nyingi kuwa ni ya kumfukuza mgeni. Ikitazamwa vizuri, ni ya kumkaribisha. Kupewa jembe ni kuambiwa: wewe sasa ni wa hapa. Mgeni asiyepewa jembe kamwe, hata akikaa mwaka, atabaki kuwa mgeni. Atapewa kiti kizuri na kipande cha nyama, na mambo ya nyumba yatazungumzwa akiwa hayupo.

Basi kosa la mwanafunzi wa ukumbini, kama lipo, si kwamba alicheza, wala si kwamba alipenda mahali pachafu. Ni kwamba Jumamosi ya tatu ilifika, na ya thelathini, naye angali mgeni akijiita mwenyeji. Alipokelewa akadhani ameshuka kuwafariji watu. Kumbe wao ndio waliomkirimu.

Mfanyabiashara atalikataa neno hili. Atasema: alilipa kiingilio, akanunua bia, deni limekwisha, anayelipa hadaiwi jembe. Jibu hilo lingetosha kama mwanafunzi angetoka mlangoni akiwa na kile kile alichoingia nacho. Lakini alitoka na wimbo. Na historia ya nyimbo hizo haina ulinganifu wa dukani. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo mpaka miaka ya mwanzo ya 1990 haikuwa na mshindani nchini, nazo nyimbo zikapigwa hewani asubuhi na jioni kwa miaka. Sheria ya hakimiliki iliyokusudia kumlinda mtunzi katika zama hizi ilipitishwa mwaka 1999, wakati sauti nyingi zilizompendeza mwanafunzi wetu zilikuwa zimekwisha kuzeeka. Tena wapo wasomi waliokwenda mbali kuliko kuimba bafuni. Waliyachukua mashairi ya dansi wakayatia katika makala na tasnifu, wakaonyesha sitiari na taswira zake, wakapata vyeo. Cheo cha namna hiyo si haramu. Ila anayekipata kwa maneno ya mtu mwingine, na hata jina la mtunzi halikumbuki ila kwa jina la bendi, amekula siku ya tatu, na ya nne, na jembe limeegemezwa ukutani mbele ya macho yake.

Je, jembe lenyewe ni kitu gani? Haielekei kuwa ni michango wala hotuba za kuwainua watu wa Kariakoo. Watu hao wamekwisha kuinuliwa kwa hotuba mara nyingi, nao wangali mahali pao. Yafaa lifikiriwe jambo dogo zaidi. Ichukuliwe kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ameketi ukumbini na wenzake, na katika wimbo limepita neno asilolijua. Kitabuni halimo. Anamwelekea mzee wa meza ya jirani, mwenye kofia ya kiua, akamwamkia kwa adabu na kumwuliza maana yake. Mzee hajibu upesi. Anataka kwanza kujua kijana ni mtoto wa nani, na kwa nini anauliza. Kisha anaanza mbali: neno lile bibi yake alilitumia hivi, watu wa Kisarawe hulitumia vile, na huyu mwimbaji amelipindisha makusudi, kwa sababu kuna mtu katika ukumbi huu anasemwa. Wakati huo chemko limeanza. Wenzake wanamwita kwa mikono, wamekwisha kuingia katikati. Kijana anataka kuinuka, lakini mzee amemshika mkono, anaendelea, na kalamu ya kuandikia haipo. "Kaa, mwanangu," mzee anamwambia, "hilo la pili ndilo gumu."