Komredi wa Kondele, Unangoja Nini?

Wewe komredi, mwanafunzi uliyepanga chumba Kondele hapa Kisumu, unangoja nini?

Unasomea fiziotherapia, au sayansi ya michezo, au uuguzi. Unasema utawahudumia wachezaji ukishafuzu. Ukishapata cheti. Ukishaajiriwa na timu kubwa.

Na mchezaji atakayeumia Jumamosi hii, yeye asubiri mahafali yako?

Nenda uwanja wowote wa mtaani jioni. Winga anakanyaga shimo, kifundo cha mguu kinapinda, anaanguka akipiga mayowe. Mmoja anauvuta mguu. Mwingine anaumwagia maji. Wa tatu anapaka dawa ya kuchua. Kisha anainuliwa: "Jikaze, bado dakika 10!"

Nani ameubonyeza mfupa nyuma ya kifundo kuona kama unauma? Nani amemwomba apige hatua 4 tu, taratibu? Mfupa ukiuma pale, au hatua 4 zikimshinda, huyo ni wa kupigwa eksirei, si wa kurudishwa uwanjani. Na Hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia, ni mwendo mfupi wa boda kutoka Kondele.

Kipimo hicho hakitaki mashine. Kinataka vidole vinavyojua.

Vidole hivyo unavyo!

Usiniambie huna vifaa. Jua la Kisumu unalijua. Mkimbiaji akizidiwa na joto, mwili ukawaka na maneno yakaanza kumchanganyikia, kanuni ni moja: mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Maji mengi, beseni kubwa, barafu. Mji unaouza samaki kila siku utakosa barafu?

Usiniambie huna muda. Mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+ huchukua dakika 20, na timu zinazoyafanya kwa uaminifu zimepunguza majeraha kwa takriban thuluthi moja. Dakika 20! Hizo unazipoteza kwenye simu kabla hujatoka kitandani.

Usiniambie wewe ni mwanafunzi tu. Marekani, anayesomea kazi hii hafungiwi darasani hadi afuzu. Hupelekwa kwenye timu angali chuoni, anafunga bendeji, anapima, anaamua, chini ya jicho la aliyefuzu. Wewe nani amekukataza? Mtafute fizio mmoja mwenye leseni. Mwombe umfuate. Akikataa, mwombe mwingine. Akikataa huyo, rudi kwa wa kwanza.

Tarehe 2 Januari 2023, mjini Cincinnati, moyo wa Damar Hamlin, mchezaji wa timu ya kandanda ya Kimarekani ya Buffalo Bills, ulisimama katikati ya mchezo. Denny Kellington, mtaalamu wa afya ya wachezaji wa timu hiyo, alimkandamiza kifua palepale kwenye nyasi. Hamlin akaishi. Akarudi kucheza.

Unadhani Kellington alijifunza usiku ule?

Hapana. Mikono yake ilikuwa tayari kabla ya siku ile kufika.

Yako je?

Kifua hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kukandamizwa wala kushtuliwa kwa umeme hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Umefaulu mtihani wa somo hilo, vizuri. Lakini unaweza kukandamiza dakika 2 mfululizo bila kulegea, watu wakikupigia kelele? Kama hujui jibu, nenda kwenye mdoli wa mafunzo leo. Rudia. Mikono ikiuma, rudia tena.

Kuamini kwamba unaweza hakuji kwanza. Huja baada ya kurudia.

Septemba 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uenyeji wa AFCON 2027. Tutajenga viwanja, tutapaka rangi, tutaimba. Nani atakayesimama pembeni akiwa na mkoba wa huduma ya kwanza, akijua la kufanya? Tumwagize kutoka ng'ambo, na wewe uko hapa, una akili, una nguvu, una miaka mizima mbele yako?

Wewe si mdogo. Umelala tu.

Amka, komredi! Timu ya mtaa wako inafanya mazoezi jioni ya leo, na haina hata mtu mmoja wa kuiangalia afya yake.

Nenda ukawe mtu huyo.