Je, Kulipa Feza ya Kukomboa Mtu Aliyetekwa ni Zambi?



Waamini wengi wanatuuliza sisi mashemasi swali hili: watu wa silaha wakiteka mtu na kuomba feza, jamaa yake ikilipa, imefanya zambi? Wengine wanasema ndiyo, kwa sababu feza ile itanunua risasi za kuua wengine. Wengine wanasema hapana, kwa sababu uzima wa mtu unapita feza yote. Tusijibu kwa haraka.

Kwetu mashariki mwa Kongo tunajua mateso haya. Shirika Human Rights Watch liliandika kwamba katika mwaka 2015 watu wasiopungua 175 walitekwa huku kwetu kwa ajili ya feza, wengi wao katika Rutshuru na tarafa za jirani. Karibu wote walikuwa Wakongomani. Mtu anashikwa barabarani ao shambani, anaingizwa porini, anapigwa, kisha jamaa inasikia kilio chake katika simu. Hapo wanauza mbuzi, wanauza shamba, wanakopa. Mtu anarudi, lakini deni linabaki miaka.

Tutazame vilevile inchi nyingine. Mwezi wa Januari 2009, watalii wanne wa Ulaya walitekwa karibu na mpaka wa Niger na Mali, wakapelekwa jangwani kaskazini mwa Mali na kundi la Al-Qaeda. Walikuwa Waswisi wawili, Mjerumani mmoja na Mwingereza mmoja. Waswisi na Mjerumani waliachiliwa mwaka ule ule, na magazeti yakaandika kwamba feza ililipwa. Serkali ya Uingereza ilikataa kulipa, na Mwingereza akauawa. Kundi lile halikuacha kazi yake. Liliteka wengine tena. Tarehe 27 Januari 2014, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2133, likiomba serkali zote zizuie magaidi wasifaidike na feza ya namna hii.

Basi, kila upande una ukweli wake. Fisi akipewa mbuzi leo, kesho atarudi kwenye lango lile lile. Lakini aliyekataa kumpa alizika mtu.

Sisi tunaona tofauti moja kubwa. Serkali ina askari, ina ndege, ina wapelelezi. Ikisema haitalipa, ingali na njia nyingine ya kumtafuta mtu wake. Mama wa Kiwanja ana nini? Ana simu mkononi, na siku alizohesabiwa. Kumwambia asilipe, bila kumpa msaada mwingine, ni kumtwika mzigo ambao sisi wenyewe hatuugusi.

Lutu alipotekwa na wafalme, Abramu hakukaa kuhukumu. Alichukua watu wake 318, akawafuata mbali hata kupita Damasko, akarudisha mateka wote, wala hakukubali malipo (Mwanzo 14). Kwa hivi, anayekataza watu kulipa, sherti yeye kwanza alinde barabara na mashamba yao.

Jibu letu ni hili: aliyelipa kwa kulazimishwa hakufanya zambi. Zambi ni ya mwizi wa mtu, ambaye sheria ya Musa inamhukumu kufa sawasawa na muuaji (Kutoka 21).

Lakini tujichunguze sisi wenyewe pia. Watekaji wanatoka porini, wengine walitoka hata ng'ambo ya mpaka. Namna gani wanajua nani ameuza maharagi juma hili? Kuna mtu aliyewaambia. Wageni ndio waliompeleka Yosefu Misri, lakini waliomuuza kwa vipande 20 vya feza ni wandugu zake. Anayetaja jina la jirani, ao anayekata fungu lake katika feza ya machozi, asilete sadaka mbele ya kutubu. Mikono yake ina damu.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tufunge vinywa. Kutangaza kiasi jamaa fulani ilicholipa ni kuwapangia watekaji bei ya mtu atakayefuata.

Pili, tuchange, lakini kwa utaratibu. Mtekaji akijua kwamba kanisa zima linasimama nyuma ya mtu mmoja, atapandisha bei. Tulishe watoto wakati wa kungojea, na mtu akisha kurudi, tusaidie kulipa deni. Na jamaa iliyokosa feza, ikampoteza mtu wake, tusiiambie kwamba haikumpenda vya kutosha.

Tatu, anayerudi apokelewe. Tusimshuku kwamba amekuwa mtu wa porini, wala tusimwulize mama ao binti mambo ambayo hataki kusema.

Wandugu, wanaotekwa ni wa jamaa zetu, na wengine hawajarudi. Tuwakumbuke kwa majina yao katika kila ibada. Mungu awalinde huko waliko, na awape wakubwa wa inchi zetu moyo wa Abramu. Amina.