Picha ya marehemu baba: Tunaihifadhi au tunaitungia uongo?

Ndugu msomaji, mtihani huu umenikuta ndani ya familia yangu mwenyewe, na naamini siko peke yangu.

Marehemu baba alituachia picha moja tu, ya mweusi na mweupe, iliyopigwa studio mjini Tanga mwaka 1974. Baba ameketi kitini. Kulia kwake amesimama mama yetu, na kushoto mama mdogo, mke wake wa pili, amempakata mwanawe. Joto na unyevunyevu wa pwani viliifanya picha ishikane na nailoni ya albamu, ukungu ukaitia madoa, na mkunjo ukakata bega la baba. Tukakubaliana isafishwe, ikuzwe na kila nyumba ipate nakala.

Kijana wa studio alinieleza kazi yake vizuri. Picha ni inchi 4 kwa 6. Akaiskani kwa nukta 1200 kila inchi, upande wa inchi 4 ukatoa nukta 4800. Ukizichapa kwa nukta 300 kila inchi, unapata inchi 16 bila picha kuvurugika. Lakini akaniambia kwamba kukuza hakurudishi kilichokwisha kupotea. Palipoliwa na ukungu, kompyuta hukisia kwa kuazima sehemu za jirani. "Hapo bega nimekisia, mzee," alisema. Nikapenda ukweli wake.

Siku mbili baadaye akanipigia simu. Kaka yangu alikuwa amemtaka amwondoe mama mdogo na mtoto wake. Siku hizi hiyo ni kazi ya dakika chache. Sababu ni ugomvi wa mirathi ambao haujapoa mpaka leo. Kijana akaniuliza: nifanyeje? Nakiri mbele yenu kwamba sikukataa papo hapo. Nilisema nitafikiri, kwa kuwa nami nilikuwa na kinyongo changu.

Wapo watakaosema mjadala huu hauna maana, kwa sababu picha zenyewe zina hitilafu. Ni kweli. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliona kamera inazuia kivuli tu na haiigi uumbaji wa Allah (SW). Sheikh Ibn Baz wa Saudia alikataza isipokuwa kwa dharura. Mimi si mtu wa kutoa fatwa. Nasema hivi: aliyechukua kauli ya kuruhusu hajaruhusiwa kusema uongo kwa picha.

Je, kufuta mkunjo si kubadilisha picha pia? Ndiyo, lakini mkunjo haukuwepo siku ile studio. Anayeufuta anaijongeza picha karibu na kilichokuwapo. Anayemfuta mtu anaipeleka mbali nacho. Kaka alinijibu kwamba hili ni pambo la sebuleni, si ushahidi wa mahakamani. Nami nikamuuliza: wajukuu watakapoitazama sisi tukiwa kaburini, nani atawaambia kuwa babu yao alikuwa na mke mwingine na mtoto mwingine? Siku hiyo picha itakuwa ndiyo shahidi. Mtume (SAW) ameutaja ushahidi wa uongo pamoja na madhambi makubwa kabisa, na katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimamia haki hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Tena anayefutwa hapa ni ndugu wa damu. Kama kukata udugu kwa ulimi ni dhambi, kuukata kwa kompyuta kunatakasika vipi?

Aliyemaliza maneno ni mama. Aliposikia alisema: "Yule alikuwa mke mwenzangu. Tuligombana, tukauguzana. Mkimtoa yeye, nitoeni na mimi."

Picha ikachapwa na watu wote wanne, inchi 8 kwa 12. Niliwasihi ndugu zangu tusiitundike ukutani. Tunakumbuka pazia la Bibi Aisha (RA) lenye picha, lililoondolewa likafanywa mito. Tunakumbuka pia kisa cha watu wa Nabii Nuh (AS), ambao walianza kwa kuwakumbuka wema wao waliokufa, wakaishia kuwaabudu. Baba anahitaji dua zetu na sadaka, hana haja ya fremu ya dhahabu. Kila nakala inakaa ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mbali na jua na unyevu. Ile ya asili tumeiacha na madoa yake. Siku mtu akiichezea nakala, ya asili itamsuta.

Nakala ya nne nilimpelekea mwenyewe yule mtoto aliyepakatwa, ambaye leo ni mtu mzima mwenye mvi. Hatukuwa tumezungumza kwa miaka. Aliitazama kimya, kisha akasema hakuwa na picha yoyote ya marehemu mama yake. Nikaona aibu kwa zile siku mbili nilizosema "nitafikiri".

Kaka hajaja kuchukua nakala yake. Naitunza. Ni amana yake, na atakapokuja ataikuta na watu wake wote.

Wabillahi tawfiq.