Mpya, Haijawahi Kuwashwa

Tangazo la kwanza nililolipwa kuandika kuhusu injini lilikuwa na maneno matatu: mpya, haijawahi kuwashwa. Shilingi 1,500 kwa M-Pesa, kabla hata sijaiona hiyo injini. Kwa mtu aliyeacha chuo mwaka wa tatu akarudi kwao Matisi kuandika chochote kinacholipa, hiyo ni siku nzuri.

Ilikuwa EJ207, injini ya Subaru Impreza WRX STI. Jamaa anayeuza spea hapa Kitale aliitoa kwenye stoo ya mzee mmoja aliyependa rali kuliko shamba lake. Mzee aliinunua kama akiba. Baadaye gari likauzwa, injini ikabaki ndani ya kasha la mbao zaidi ya miaka ishirini.

Ukiwa umekulia nchi hii huhitaji kuelezwa kwa nini mtu aweke kitu kama hicho. Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akaja akashinda na Impreza mwaka 2000. Rika langu hatukuona, tulisimuliwa tu, lakini masimulizi yametosha kutupa jirani mwenye Impreza inayonguruma saa nane usiku. Injini zenyewe zimefika mwisho. Mwaka 2019 Subaru waliiaga EJ20 kwa toleo la magari 555 tu, yote ya soko la Japani. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, Impreza za enzi ya McRae tulizonazo ndizo hizo hizo. Injini ikifa, mwenye gari anatafuta ex-Japan.

Hapo ndipo neno "mpya" lilipoanza kunisumbua. Sisi tumelivuta neno hili mpaka limelegea. Mtu akisema amenunua gari mpya, mara nyingi anamaanisha limechoka kwa Mjapani na bado halijachoshwa na Mkenya. Injini ya ex-Japan ina maelfu ya kilomita, na tunaifuta vumbi tukisema bado mpya. Sasa imekuja moja ambayo kweli haijatembea hata mita moja, na hatuna neno lingine la kuipa.

Mnunuzi alipiga kutoka Eldoret. Hakuuliza bei kwanza. Aliuliza, "Mmeikagua?"

Mwenye spea aliniangalia kana kwamba nimetukanwa mimi. Alipokata simu akasema, "Boss, nikifungua hiyo kitu si mpya tena. Nauza seal." Nilimwelewa. Kuna vitu ambavyo bei yake yote iko kwenye kutoguswa. Na kuna jambo lingine ambalo hakulisema, ila lilikuwa pale: asiyefungua hajui, na asiyejua hajadanganya mtu.

Hapa Trans Nzoia lakini sisi ni watu wa mahindi. Mnunuzi wa mahindi anakuja na bambo, anachoma gunia, anatoa punje, anapima unyevu. Ukizidi asilimia 13.5, rudi nyumbani ukaanike. Hakuna anayelalamika kwamba gunia limetobolewa. Na sijawahi kuona mkulima akitangaza: mahindi mapya, hayajawahi kuliwa. Kila mtu anajua gunia lililofungwa na unyevu ndani linaoza lenyewe, pole pole, bila kuguswa na panya wala binadamu.

Injini ina bambo yake pia. Mwishowe tulimwita fundi mmoja wa jua kali, mtu wa maneno machache, akaja na kamera nyembamba kama waya inayounganishwa na simu. Alianza na namba iliyogongwa kwenye bloku, ahakikishe ni ile tunayoitaja. Kisha akatazama vifuniko vya plastiki vilivyofunika njia za hewa. Kimoja kilikuwa kimeshikwa na tepu, na gundi ya tepu ilikuwa imekauka, kifuniko kimelegea. Akanyamaza kidogo.

"Injini ikilala," alisema, "kuna valvu inalala wazi."

Sikuwa nimewahi kufikiria hivyo. Injini ya silinda nne haiwezi kusimama na valvu zote zimefungwa. Popote ilipoachwa, kuna silinda inayopumua na hewa ya nje, na msimu wa mvua Kitale hewa hiyo ina maji. Zaidi ya hayo, silinda za Subaru zimelala ubavu. Mafuta ya kiwandani yanateremka upande wa chini, ukuta wa juu unabaki mkavu miaka yote hiyo. Alifungua plagi moja moja na kupitisha kamera. Ya kwanza safi, inang'aa. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa na mstari wa kutu, rangi ya chai, mahali pistoni iliposimama. Ya nne sawa.

Akamimina oili kidogo kwenye kila silinda, akatuambia tusiiguse mpaka kesho. Starter ni marufuku, alisema, kwa mkono tu. Sili za mpira zitolewe zote, na mkanda wa timing pia, hata kama haujazunguka hata mara moja. Mpira hauhesabu kilomita. Unahesabu miaka.

(Mama huwaambia majirani kwamba akili yangu bado mpya, nikirudi chuo nitamaliza tu. Siku hiyo sikutaka kulifikiria hilo.)

Kesho yake ikazunguka, lakini kuna mahali ilikuwa inasita. Mwenye spea akasema tangazo libaki. "Kuna neno moja hapo la uongo?" Hakuna. Hajawahi mtu kuiwasha. Nilikaa na swali hilo siku mbili, na sikuweza kuliponda kwa hoja ya ukweli. Nilichoweza ni kukumbuka nilivyoliandika tangazo lenyewe. Niliyachagua yale maneno matatu kwa sababu ya neno la nne ambalo msomaji angejiongezea mwenyewe: nzima. Nililipwa kwa lile ambalo sikuandika. Kabla ya kamera ningeweza kujitetea kwamba sikujua, ingawa hata hapo nilikuwa nimehakikisha sijui. Baada ya kamera, sentensi ile ile ilikuwa kazi tofauti.

Nilimwambia mwenye spea nitatuma picha. Akasema nikituma, komisheni yangu niisahau, na nisimpigie tena. Simlaumu sana. Yeye ndiye aliyeweka pesa kwenye kasha, mimi niliweka maneno tu.

Nilituma picha ya silinda ya tatu, nikaandika tulivyofanya: imezungushwa kwa mkono, kuna mahali inasita, sili na mkanda havijabadilishwa. Jibu lilikuja usiku. Mnunuzi hakuuliza kuhusu kutu. Aliuliza ile oili tuliyomimina ilikuwa ya aina gani, na kama Jumamosi kuna mtu wa kumfungulia, kwa sababu anakuja na fundi wake.

Nilimpa namba ya mwenye spea.