Hesabu ya Fryer na Sangara wa Ziwa Victoria

Mwaka 1960, Geoffrey Fryer, mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi Jinja, Uganda, alichapisha makala ya kupinga mpango wa kumtia sangara katika Ziwa Victoria. Maofisa wa uvuvi walitaka samaki mkubwa, mtamu na mwenye soko. Furu, samaki wadogo waliojaa ziwani, waliwaona si kitu: sangara awale, watu wamle sangara.

Fryer aliwapigia hesabu ambayo wataalamu wa leo huiingiza kwenye kompyuta. Samaki akimla mwenzake, takriban sehemu moja tu kati ya kumi ya lishe hiyo ndiyo huwa mwili wake, nyingine hupotea. Basi kuvua furu wenyewe kuna faida kuliko kungoja waliwe kwanza.

Hakusikilizwa. Tena, sangara walikuwa wameshatiwa kimyakimya katika miaka ya 1950. Mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa rasmi. Kwa muda mrefu ziwa lilionekana shwari. Miaka ya 1980 sangara wakafurika, na aina za furu zipatazo 200 zikatoweka au zikawa adimu mno.

Kweli, katika jambo moja Fryer alikosea: samaki waliovuliwa hawakupungua, waliongezeka mara kadhaa. Viwanda vya minofu vikajengwa, fedha za kigeni zikaingia. Lakini nani alikula? Minofu ilisafirishwa Ulaya, na maskini wa Mwanza wakanunua mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyokwisha kuparwa nyama. Na gharama haikuishia hapo: furu alikaushwa kwa jua tu. Sangara, kwa wingi wa mafuta yake, alihitaji moshi, na miti ikakatwa kuni.

Kijana unayesomea uvuvi, shika haya. Tani peke yake hazitoshi. Hesabu yako ifuatilie samaki mpaka kwenye sufuria ya mwananchi. Ukiona hatari, iseme na uiandike, hata kama wenye madaraka wameshaamua. Nanyi wenye madaraka, msimdai mtafiti athibitishe madhara kabla hayajatokea; anayetaka kutia kiumbe kigeni majini ndiye athibitishe usalama wake. Furu waliotoweka hakuna sheria wala bajeti itakayowarudisha. Maji yakimwagika hayazoleki.